Kichwa cha Kitambaa

Nyinyi vijana mnaojifunza kompyuta kwenye chumba kile cha nyuma ya soko, hapa kambini Dzaleka, mwalimu wenu ameniomba niwaandikie mambo ya kazi yangu, kwa sababu nimeiacha na sasa nina muda. Nimeiacha kwa ajili ya macho. Herufi za kwenye skrini zimeanza kutembea, na mtu anayeandika programu hawezi kukubali herufi zitembee.

Nilimjibu kwamba anamtafuta mtu mwingine. Mi niliishia mwaka wa pili wa sekondari kule Uvira, Kongo, na kati yenu wako wanaojua leo mambo niliyoyajua nikiwa nimeshapata wajukuu. Akaniambia, "Papa Amani, hawa wanajua amri. Hawajui kuharibu."

Kuhusu kuharibu, naweza kusema nina ujuzi.

Basi nimefungua madaftari yangu. Nina tabia ya kuandika kila siku, hata siku isiyo na kitu. Ninapokumbuka vibaya daftari linanisahihisha, na mara nyingi linanisahihisha kwa kunitia aibu. Mtaona hapa chini.

Programu huria ni ile ambayo aliyeitengeneza ameacha maandishi yake ya ndani wazi. Unayasoma, unayabadilisha, unampa mwenzako. Nimesikia watu wakiisifu kwa maneno makubwa ya uhuru. Mimi nisidanganye, niliipenda kwa sababu hakuna aliyeniomba diplome, cheti cha shule. Ukituma mstari mzuri wanaupokea, ukituma mbaya wanakurudishia na sababu. Kambini tumezoea kurudishiwa karatasi bila sababu, kwa hiyo hata kukataliwa kwao niliona ni heshima.

Aliyenifundisha kazi ni Mmalawi mmoja, Bambo Kachale, yaani Bwana Kachale, aliyekuwa na duka la kutengeneza kompyuta Lilongwe, upande wa barabara ya Likuni. Nilipopata ruhusa ya kutoka kambini nilikuwa ninashinda kwake. Nilimsafishia feni zilizojaa vumbi, hasa za mashine za maofisa wa serikali wa Capital Hill, ambazo zilikuwa na vumbi la heshima kubwa, na yeye alinipa kona ya meza na mtandao. Nilivuta programu na vitabu vyake vya maelezo, nikaviweka kwenye flash, nikarudi navyo Dzaleka kama mtu aliyetoka kununua unga.

Bambo Kachale hakuwa mtu wa maelezo mengi. Siku ya kwanza programu yangu ilipokataa kwenda, skrini ikajaa maneno mekundu, nikamwita. Hakuinuka, aliniita tu achimwene, yaani ndugu, kama kawaida yake.

"Achimwene, umesoma?"

"Nimesoma, bambo."

"Umesoma mpaka wapi?"

"Mpaka niliposhtuka."

"Basi anzia pale uliposhtuka."

Na kweli, kosa lilikuwa limeandikwa chini kabisa, mstari wa mwisho, kwa lugha ya kawaida: faili unayoitafuta haipo. Sijawahi kupata fundisho jingine lililonifaa kuliko hilo. Ninyi mnakimbilia kuuliza simu zenu kabla ya kufika chini. Shukeni kwanza.

Jambo jingine dogo. Kwa kuwa umeme wa kambini ulikuwa wa kubahatisha, niliandika programu zangu kwa kalamu kwanza, halafu nikazichapa umeme ukija. Lugha ya kompyuta niliyotumia inajali nafasi zilizo mwanzoni mwa kila mstari. Ukizidisha nafasi moja, maana inabadilika. Mwandiko wangu ulikuwa unaogelea, na kila nilichochapa kilikataa. Nilihangaika karibu mwezi mzima nikidhani ni akili yangu. Mwishowe nikanunua daftari la hesabu, lile la miraba, nikaweka herufi moja kwa mraba mmoja. Shida ikaisha siku hiyohiyo. Ninawaambia si kwa sababu mtahitaji daftari la miraba, bali kwa sababu mwezi mzima nilikuwa najitukana bure.

Sasa nifike kwa Mama Faida, maana najua ninamzungukazunguka.

Mama Faida alitoka Bukavu. Alikuwa mkataji. Nasema mkataji, si mshonaji tu: washonaji wengi wa hapa walimletea vitambaa akate, halafu wao wakashona. Makasi yake yalikuwa mazito, ya chuma cha zamani, na hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa. Patroni zake, vile vielelezo vya kukatia nguo, alizikata kwenye karatasi za mifuko ya saruji. Alinizidi miaka michache na aliniita "petit", yaani mdogo, na mimi nikiwa na mvi.

Nilikuwa nimeipata programu moja huria ya kuchora patroni. Unaipa vipimo vya mtu, inakuchorea vipande vya nguo. Nikaiongezea sehemu yangu mwenyewe, ya kupanga vipande juu ya kitambaa ili kisipotee kitambaa kingi. Programu inajaribu huku na huku, inageuza kipande, inakilaza, inakipindua, mpaka vyote vinabanana vizuri. Kila ninapobadilisha mstari, kitabu cha mabadiliko kilicho ndani ya programu kinaandika jina langu, na mimi ninaongeza maneno machache ya kueleza nimefanya nini. Siku nilipoiruhusu igeuze vipande juu chini niliandika: "Sasa inaokoa kitambaa zaidi." Nilijipongeza, ipo kwenye daftari.

Kazi ya kwanza ilikuwa nguo za shule, kitambaa cha kijani kisicho na maua. Nilichapisha mchoro mdogo, Mama Faida akaufuata, na mwisho kitambaa kikabaki cha shati zima. Alikishika kile kilichobaki, akakipima kwa mkono wake, akakipima tena.

"Sema kitu basi, Mama."

"Nitasema nini? Miaka yote hii nilikuwa natupa shati."

Niwe mkweli: nilitembea soko lote siku ile nikisalimia hata watu nisiowajua.

Halafu ikaja pagne, kitenge cha kwaya. Kanisa mama la Bukavu liliwatumia akina mama wa kwaya yetu pagne kwa ajili ya Pasaka, zikaletwa na mtu aliyekuwa anakuja huku. Zilikuwa za rangi ya buluu na njano, zenye picha ya taa inayowaka, taa kubwa kama sahani, moja juu ya nyingine. Kila mwanamke apate blauzi, na kinachobaki ajifunge. Pagne nyingine hakuna. Kuagiza upya kulikuwa ni kungoja mtu mwingine asafiri, na Pasaka haingoji.

Mnajua kwetu pagne ya kwaya ni nini. Mwanamke anaweza kukosa viatu vipya Pasaka nzima asiseme neno, lakini wenzake wakisimama mbele na pagne moja na yeye hana, huyo hatarudi kanisani mpaka Pentekoste. Na anayekata pagne hiyo ndiye mkataji wa kanisa. Mama Faida alikuwa na nafasi hiyo tangu kanisa lilipokuwa la turubai.

Niliingiza vipimo vya wote ishirini na wawili. Programu ikapanga. Mchoro ulionyesha kila kipande na mshale wa kufuata uzi wa kitambaa. Mama Faida aliuinua karibu na dirisha.

"Petit, huyu mshale iko na bichwa mbili."

"Ndiyo, Mama."

"Na kichwa ya kitambaa iko upande gani?"

Sikumbuki nilijibu nini. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nasema kwa watu baadaye, kwamba sikumbuki. Lakini daftari la siku hiyo linasema hivi: "Mama Faida ameuliza kichwa cha kitambaa kiko upande gani. Nimemwambia mashine inajua."

Aliniangalia kidogo, akachukua makasi.

Ili muelewe, pagne ile ilichapwa upande mmoja tu. Mama Faida hutandika kitambaa kwa mgongo wake juu, chaki isichafue uso, na hupanga pagne nne nne, za wenye vipimo vinavyokaribiana, akakata kwa pamoja. Kwa hiyo wakati wa kukata, taa zilikuwa zimelala kifudifudi, yeye hazioni. Alikata siku mbili. Vipande vikafungwa mafungu, vikaanza kwenda kwa washonaji.

Mshonaji wa kwanza kumaliza alikuwa Dada Neema, wa kwaya hiyohiyo. Alikuja na blauzi mkononi, akaitandika juu ya meza ya Mama Faida bila salamu. Mbele, taa zilisimama sawasawa, moto juu. Akaigeuza. Mgongoni, taa zote zilikuwa zimepinduka, moto chini, zinamwaga mafuta.

"Mama, huku nyuma yangu kanisa inaungua," alisema.

Mama Faida alifungua fungu ambalo lilikuwa bado halijachukuliwa, na jingine. Ilikuwa hivyo kwa migongo yote ishirini na miwili. Programu ilikuwa imeona kwamba mgongo ukipinduliwa unaingia vizuri kwenye mkunjo wa mbele, na ikaupindua. Kwenye kitambaa cha kijani cha shule hakuna aliyejua, kwa sababu kijani hakina juu wala chini.

Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimesimama mlangoni na mchoro mfukoni. Naomba msome polepole hapa, maana ndipo nilipotaka kuruka. Nilinyamaza.

Nilinyamaza siku ile na nusu ya siku iliyofuata. Nilisikia akina mama bombani wakisema, "Macho ya Mama Faida ilisha," na mwingine akijibu, "Si macho. Ni uzee. Sasa kazi ipewe batoto." Kwa haki, hawakusema kwa ubaya, walikuwa na uchungu wa pagne yao, na mmoja aliongeza kwamba Mama Faida ndiye aliyemshonea gauni la ubatizo. Nilijaza ndoo yangu nikaondoka. Nilijiambia kwamba mkataji ndiye mwenye makasi, kwamba angeweza kugeuza kitambaa akaangalia. Na hilo nalo ni kweli, yeye mwenyewe alilisema baadaye. Lakini mimi sikulisema kwa sababu ni kweli. Nililisema kwa sababu lilinifaa.

Kamati ya kwaya ikaitwa kanisani mchana wa siku ya pili. Mkuu wa kwaya alikuwa Papa Ezekieli, mtu wa Fizi, mpole, anayesema taratibu hata akikasirika. Mama Faida alikaa kwenye benchi la mbele, makasi yake mapajani, yamefungwa kwenye kitambaa. Nilipoyaona nikaelewa amekuja kuyatoa. Si kumpa mtu; kuyatoa tu, kusema amemaliza.

"Mama," Papa Ezekieli alianza, "sisi hatukatae kazi yako ya miaka. Lakini batu banauliza."

"Banauliza vizuri," alisema. "Sikugeuza kitambaa. Nilipashwa kugeuza."

Hakusema neno kuhusu mashine. Hakunitazama hata. Nilingoja aseme, kwa sababu akisema ningeweza kukataa kidogo na kukubali kidogo. Hakusema.

Nilikuwa nimebeba kompyuta yangu, na sijui hadi leo kama niliibeba ili niseme au kwa mazoea tu. Nikainuka nikaiweka juu ya meza ya mbele. Kuna amri moja inayoonyesha kila mstari wa programu na jina la aliyeuandika. Wengi mnaiogopa. Niliifungua mbele yao, nikamwita Papa Ezekieli asome kwa sauti, wasije wakadhani ninasoma ninachotaka.

Akasoma mstari unaoruhusu kugeuza vipande. Akasoma jina langu pembeni. Akasoma na maneno niliyoandika siku ile: sasa inaokoa kitambaa zaidi.

"Kwa hiyo ni mashini njo ilikosa?" Dada Neema aliuliza.

"Hapana. Mashine ilifanya nilichoiambia. Na Mama aliniuliza kichwa cha kitambaa kiko wapi. Nilimjibu mashine inajua. Nimeandika, daftari ni hili."

 Dada Neema akasema, "Papa Amani, we wakati unaandika makosa yako yote hivi, mukeo anasoma?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka.

Mama Faida hakucheka. Aliuliza kama inaruhusiwa asimame. Alisimama, akafungua kitambaa kilichofunika makasi, akayaweka mezani karibu na kompyuta.

"Sasa tuache kutafuta mutu," alisema. "Pasaka iko karibu. Leteni ile migongo yote. Hiyo ni bitambaa ya kichwa. Ukishafunga kilemba, nani atajua taa iko juu ao chini? Na mugongo tutaweka buluu moja, bila picha. Petit ataenda kutafuta hiyo buluu."

Nilikwenda Lilongwe na kipande cha pagne mfukoni kwa ajili ya kulinganisha rangi. Nilipita maduka mengi, kila buluu ikiwa na kasoro yake; moja nyeusi mno, nyingine ya nailoni inayong'aa. Niliipata mtaa wa Mtandire, kwa mama mmoja mwenye meza ya vitambaa nje ya nyumba yake. Alilaza kipande changu juu ya roli lake juani, kisha kivulini, kisha juani tena, akasema ndiyo. Zikomo nyingi, yaani asante, nikampa. Jioni hiyo Mama Faida alikilaza vilevile, kwenye jua lililobaki na kivulini, kabla ya kukubali.

Pasaka waliimba. Nisipambe: si wote walifurahi. Wanawake wawili walikataa mgongo usio na picha wakavaa sare ya zamani, na wapo hadi leo wanaosema macho ya Mama Faida ndiyo yalikosa na mimi nilimfunika kwa huruma. Nimejaribu kuwaeleza. Mmoja ameniambia mimi ni mtu mzuri sana, na siwezi kumtoa hapo. Lakini vilemba vya taa vilipendwa, na aliyekata pagne ya mwaka uliofuata alikuwa Mama Faida.

Sasa sehemu ya kazi, ambayo pengine ndiyo mwalimu wenu aliyoitaka.

Sikuishia kurekebisha kwangu tu. Ile sehemu ya kupanga nilikuwa nimeshaitoa kwa wote, na watu wa nchi nyingine walikuwa wanaitumia. Kwa hiyo kwenye kona ya Bambo Kachale niliandika barua kwa msimamizi wa programu, mama mmoja wa mbali ambaye sijawahi kumwona uso. Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza. Nilisema: kitambaa kingine kina kichwa, tusikigeuze. Akajibu kwa adabu kwamba haelewi; watumiaji wengi wanataka kuokoa kitambaa. Nikamtumia picha ya mgongo wa Dada Neema, taa zinamwaga mafuta. Akajibu neno moja: nimeelewa.

Lakini hakukubali upesi. Mistari yangu ilikuwa sita, akaikataa minne. Mimi nilitaka programu isigeuze kamwe. Yeye alisema mwenye kitambaa cha kijani atapoteza shati lake, na alikuwa na haki. Tuliandikiana karibu miezi miwili, kila nilipofika Lilongwe. Bambo Kachale alikuwa akisoma majibu yake begani mwangu. Siku moja akasema, "Achimwene, mnabishana mashine iamue nini. Yule mama yako wa kukata alitaka iamue?"

Hakutaka. Aliuliza.

Basi tukakubaliana hivyo. Programu sasa haianzi kupanga mpaka imeuliza, na maswali yake ya Kiswahili niliyaandika mimi. Msimamizi akaomba majina ya kuweka kwenye orodha ya waliochangia. Nikamtumia mawili, la kwanza si langu.

Nilimpelekea Mama Faida kompyuta siku hiyohiyo niliyorudi. Alikuwa anakula nsima, ugali wa huku, akanawa, akavaa miwani. Nikaweka vipimo vya blauzi moja nikabonyeza. Katikati ya skrini yakatokea maneno, naye akayasoma kwa sauti, taratibu, akiyafuata kwa kidole:

"Kichwa cha kitambaa kiko upande gani?"

 Akasema, "Njo vile. Sasa inajua kuuliza."

Nikamwonyesha na orodha ya majina. Hakusoma Kiingereza, lakini jina lake aliliona, akagusa skrini akaacha alama ya kidole cha majimaji ambayo sikuifuta siku kadhaa.

"Na lile kosa yako ya siku ile," aliuliza, "na yenyewe iko umu?"

"Iko, Mama. Mstari wa zamani uko kwenye kitabu cha mabadiliko, na jina langu. Kuutoa kunawezekana, ila ni kazi, na waliokwisha kunakili wanao."

"Usitoe."

Akavuta kiti karibu, akaniondolea mkono juu ya vitufe kama anavyoondoa mkono wa mtu kwenye makasi yake, akalitazama lile swali tena, akajibu mwenyewe.